MALI HUZAA MALI

Wanafunzi wenzangu, mwaka 2013 Mfaransa Thomas Piketty alitoa kitabu kinene kuhusu mtaji katika karne ya 21. Alipekua rekodi za kodi na urithi, za Ufaransa zikianzia zama za Mapinduzi. Hoja yake? Faida ya mali ikiushinda ukuaji wa uchumi, pengo hupanuka. Tuseme ni asilimia 5 kwa 1. Mrithi wa shilingi milioni moja hupata 50,000 kwa mwaka bila jasho. Akila 40,000 na kurudisha 10,000, mali yake yaenda sambamba na uchumi. Akirudisha zaidi je? Mwenye mshahara tu atamfikia wapi! Piketty ataka utajiri wenyewe utozwe kodi, tena duniani kote, maana fedha hukimbilia ng'ambo. Hapo naona pagumu: nani ataikusanya?