Programu ya Kuchora Inapokataa Kufunguka Katika Mtandao wa Chama



Vyama vya mafundi wa ujenzi, useremala na uchomeleaji vinazidi kutumia kompyuta katika kuchora ramani za nyumba na michoro ya kazi. Programu za namna hii ni za bei kubwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya vyama hununua leseni chache na kuzitumia kwa zamu kupitia mtandao wa ofisi, badala ya kuinunulia kila kompyuta leseni yake. Mpango huu unaafikiana na ushirika: mali ni ya wote, na kila mmoja huichukua anapoihitaji na kuirudisha amalizapo.

Hata hivyo, iko shida inayojitokeza mara kwa mara. Programu imelipiwa, imewekwa, na siku ya kuanza kazi inakataa kufunguka. Fundi anaitwa, naye anashauri seva ibadilishwe au leseni zinunuliwe upya. Fedha za wanachama zinatoka mara ya pili, na huenda kasoro yenyewe ilikuwa ya kuondolewa bila gharama. Makala hii inaeleza namna ya kuitafuta kasoro hatua kwa hatua, ili katibu, ajapokuwa si fundi, aweze kuuliza maswali yanayostahili kabla ya kutia sahihi hati ya malipo.

JINSI LESENI YA MTANDAO INAVYOFANYA KAZI

Kompyuta moja hufanywa seva. Ndani yake huwekwa programu ya kutunza leseni. Watengenezaji wengi hutumia ile iitwayo FlexNet. Programu hii ina sehemu mbili. Ya kwanza, iitwayo lmgrd, ni kama mapokezi: humpokea kila abishaye hodi. Ya pili ni ya mtengenezaji wa programu ya kuchora, nayo ni kama mtunza stoo: huhesabu leseni zilizopo, hutoa moja, na huipokea irudipo.

Kila sehemu ina mlango wake wenye namba. Lmgrd isipopewa namba maalum hutumia mojawapo kati ya 27000 na 27009. SolidWorks hutumia kwa kawaida mlango 25734 kwa mapokezi na 25735 kwa stoo. Anayefika mapokezi na kukuta mlango wa stoo umefungwa hurudi mikono mitupu. Jambo hili likumbukwe, maana ndilo chanzo cha matatizo mengi.

Yafaa pia ieleweke kwamba si kila programu hutumia seva ya leseni. Kampuni ya Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, ilianza mwaka 2020 kuondoa mpango wa leseni za watumiaji wengi kwa mtandao na kutoa leseni kwa jina la mtumiaji mmoja mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: leseni hii ni ya mtandao au ni ya mtu kwa jina lake?

HATUA YA KWANZA: MTANDAO WENYEWE

Kabla ya kuilaumu programu, hakikisha kompyuta zinaonana. Tazama waya na taa za swichi. Kisha tazama anwani ya kompyuta: ikianza na 169.254, maana yake kompyuta hiyo haikupewa anwani na mtandao, nayo imejipa yenyewe. Hapo kasoro iko kwenye waya, swichi au ruta, wala si kwenye programu ya kuchora.

Kadhalika, hakikisha seva haikuwekwa katika hali ya kulala. Seva ikilala, leseni zote hulala nayo.

HATUA YA PILI: KUWEKA PROGRAMU KUTOKA SEVA

Mafundi wengi huweka faili za usakinishaji katika folda moja ya seva, kisha kila kompyuta huzichukua humo. Hapa hutokea kasoro ya kushangaza: folda inaonekana vizuri kwa herufi ya diski, tuseme Z, lakini usakinishaji unasema njia haipatikani. Sababu ni kwamba herufi ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtumiaji aliyeingia. Usakinishaji unapofanywa kwa mamlaka ya msimamizi, msimamizi huyo huenda asiione. Dawa yake ni kuandika njia kamili yenye jina la seva na jina la folda, au kunakili faili zote kwanza kwenye diski ya kompyuta yenyewe.

Ruhusa nazo zitazamwe. Katika Windows folda iliyoshirikiwa ina ruhusa za aina mbili, yaani ruhusa ya kuifikia kupitia mtandao na ruhusa ya faili zenyewe. Zote mbili hazina budi kumruhusu mtumiaji.

HATUA YA TATU: KUTENGA KASORO

Hili ndilo jaribio lenye faida kuliko yote. Fundi aulize hali ya leseni kwa amri ya lmstat akiwa kwenye seva yenyewe, kisha aulize vilevile akiwa kwenye kompyuta nyingine.

Leseni zisipoonekana hata kwenye seva, kasoro iko katika faili la leseni au katika huduma ya kulitunza. Zikionekana kwenye seva na zisionekane kwenye kompyuta nyingine, kasoro iko njiani: ama jina la seva halitambuliwi, ama fayawoli imefunga mlango. Zikionekana kote kuwili na programu bado ikagoma, chunguza programu ya kuchora yenyewe: imeelekezwa kwa seva ipi, na toleo lake ni lipi. Kwa SolidWorks, mtunza leseni katika seva sharti awe wa toleo lile lile au jipya kuliko la kompyuta zinazomtumia.

Kuhusu fayawoli, haifai kuizima moja kwa moja ili kazi iende. Fundi afungue milango ile miwili tu, wa mapokezi na wa stoo. Aidha, mtunza stoo asipopewa namba katika faili la leseni, huweza kuchukua namba nyingine kila anapoanza upya. Ndiyo maana programu iliyofanya kazi jana hugoma leo baada ya umeme kukatika. Fundi aandike namba ya kudumu katika faili hilo, na fayawoli iruhusu namba hiyo hiyo.

NAMBA ZA KASORO NA MAANA ZAKE

FlexNet inapokataa huonyesha namba. Katibu aziandike kama zilivyo, pamoja na alama ya kutoa.

-4: leseni zote zimekwisha chukuliwa. Si ubovu. Huenda mtu ameacha programu wazi akaenda kula.

-5: faili la leseni halina kitu kilichoombwa. Linganisha faili na ankara ya ununuzi.

-9: namba ya utambulisho ya kompyuta hailingani na iliyomo katika faili. Hutokea kadi ya mtandao au seva inapobadilishwa. Muuzaji aombwe faili jipya kwa namba mpya.

-10: muda wa leseni umekwisha.

-15: kompyuta haikuweza kufika kwa seva. Rudi hatua ya kwanza na ya tatu.

-88: saa ya kompyuta imerudishwa nyuma. Kwenye kompyuta kuukuu, betri ndogo ya ndani ikifa, saa hupotea kila umeme ukatikapo. Badili betri na urekebishe tarehe kabla ya kununua chochote kingine.

-97: mapokezi yapo, lakini mtunza stoo hafanyi kazi. Huduma ianzishwe upya, na daftari la matukio la seva lisomwe.

WAJIBU WA KATIBU

Kwa mtazamo wa ukaguzi, leseni ni mali ya chama kama ilivyo mashine ya kuranda. Basi iingizwe katika daftari la mali, pamoja na idadi ya watumiaji, tarehe ya kuisha, na jina la seva iliyowekwa. Nakala ya faili la leseni itunzwe nje ya seva, mahali salama.

Jambo kubwa zaidi ni jina la mwenye leseni. Tuseme chama cha mafundi kina kompyuta sita na leseni nne, na leseni hizo zimesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi. Fundi huyo akiondoka, seva ikaharibika, na kasoro -9 ikatokea, ni nani atakayeomba faili jipya? Chama kitakuwa kimelipa, lakini hakina uwezo juu ya mali yake. Akaunti zote zifunguliwe kwa anwani ya chama, na nywila zikabidhiwe kwa maandishi uongozi unapobadilika.

Wala chama kisikubali programu iliyovunjwa kufuli. Hiyo huweza kuleta virusi katika kompyuta zenye hesabu za wanachama, na ni kosa mbele ya sheria. Chama chenye fedha kidogo kinaweza kujaribu programu huria kama FreeCAD, ambayo haihitaji leseni ya kulipia wala seva ya leseni. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Michoro ijaribiwe kwanza kwa kazi ndogo, kwa kuwa si kila faili la programu nyingine hufunguka humo likiwa kamili.

Mwisho, fundi anapoitwa, adaiwe taarifa ya maandishi yenye mambo matatu: namba ya kasoro, matokeo ya jaribio la seva na kompyuta nyingine, na alichokibadilisha. Malipo yafuate taarifa hiyo. Pasipo taarifa, kamati haina msingi wa kuwaeleza wanachama katika mkutano mkuu kwa nini fedha zao zimetoka.