Fahamu: Kwa nini mawe ya Goma na ya Mwanza hayafanani

Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikafika pembezoni mwa mji wa Goma. Lava hiyo ina silika kidogo, ndiyo maana hutiririka kwa kasi. Ikifika juu ya ardhi hupoa upesi na kuacha jiwe jeusi lenye vitundu vya gesi, ambalo chembe zake nyingi hazionekani kwa macho.

Majabali ya Mwanza ni graniti: magma iliyoganda polepole chini ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Madini yake yalipata muda wa kukua, hivyo utayaona waziwazi: kwatzi ya kijivu, feldispa nyeupe au ya waridi, na mika inayometameta. Baadaye mmomonyoko uliyafichua majabali hayo.