Mpaka Huvukwa Sebuleni: Kwenda Mombasa kwa Gari Lako

Saa nne asubuhi, kituo cha mpakani cha Lunga Lunga, upande wa Kenya. Afisa wa forodha aliigeuza kadi ya gari mbele, akaigeuza nyuma, kisha akaniangalia usoni.

"Gari hii ni yako, bwana?"

"Ya kaka yangu."

"Barua yake iko wapi?"

Barua sikuwa nayo. Nilikuwa na pasi za watu wanne, kadi za chanjo, bima, chupa mbili za chai na mfuko wa machungwa ya Muheza, lakini karatasi ya kuonyesha kwamba kaka amenipa gari lake nilivuke nalo mpaka haikuwepo. Na kaka mwenyewe siku hiyo alikuwa porini, simu haishiki. Tulikaa kivulini saa tatu nzima, watoto wakayamaliza machungwa, mama watoto akaacha kunisemesha. Kaka alipopatikana aliandika barua kwa mkono, akaipiga picha, akaituma. Tukaichapisha dukani, afisa akazungumza naye kwa simu, ndipo tukapita. Nisimlaumu mtu, kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimekwenda Mombasa kwa gari mara kadhaa, na nimejifunza jambo moja: mpaka huvukwa sebuleni, wiki moja kabla ya safari. Kule mpakani unakwenda kugonga mihuri tu.

Anza na karatasi

Kila abiria, hata mtoto wa mgongoni, awe na hati yake ya kusafiria. Anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwekwe ndani ya pasi, maana huulizwa ukishajisahau.

Gari nalo lina hati zake. Beba kadi halisi ya usajili, na kama jina lililoandikwa humo si lako, beba barua ya mwenye gari yenye muhuri wa mwanasheria. Bima ya kawaida ya Tanzania inaishia mpakani. Mwambie wakala wako akukatie bima ya COMESA, ile inayojulikana kama kadi ya njano. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango huu wa bima imo bado. Mwisho, angalia kwenye mfumo wa polisi kama gari linadaiwa faini. Afadhali kuilipa ukiwa nyumbani kuliko kuisikia barabarani.

Barabara haitaki ubishi

Kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa ni kama kilomita 520. Wapo wanaozimaliza kwa siku moja, wakafika Mombasa usiku, macho mekundu, wakalala bila kuiona bahari. Mimi huzigawa mara mbili, na Tanga ndipo pa kulala.

Ukitoka Dar alfajiri, pita Bagamoyo uingie barabara kuu pale Msata. Foleni za Kibaha na Chalinze utakuwa umeziepuka. Daraja jipya la Wami limewaondolea madereva hofu ya lile la zamani, jembamba, lililotaka mmoja asubiri mwenzake apite. Baada ya hapo ni Mkata, Kabuku, Segera. Segera ndipo mabasi huchimba dawa na abiria hugombea chipsi. Hapo unapinda kulia kuelekea Muheza, na mashamba ya mkonge yanaanza kukusindikiza.

Adui wa njia hii ni tochi ya polisi ya kupima mwendo. Kibao cha 50 kikitokea, teremsha mwendo pale pale, usingoje kuwaona askari, kwa sababu mwenye tochi hukaa asikoonekana. Kosa moja ni shilingi 30,000, na vijiji ni vingi. Ndani ya gari hakikisha zimo pembetatu za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto, tairi la akiba lenye upepo na jeki uliyowahi kuijaribu.

Tanga ukiwahi, nenda Raskazone jioni ukapunge upepo. Kesho yake jaza tangi hapo hapo mjini, ili usilazimike kutafuta shilingi za Kenya kwa ajili ya mafuta kabla hujatulia. Njia ya kwenda Horohoro, mpakani, ni kilomita 65 za lami nzuri. Mapango ya Amboni yako karibu tu na mji, upande huo huo unaoelekea, na saa moja ya kuyaona haiharibu safari.

Horohoro na Lunga Lunga

Hiki ni kituo cha pamoja, na wageni wengi hapo huchanganyikiwa. Ukielekea Kenya, shughuli zote unazifanyia upande wa Kenya, katika jengo moja: unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania, unasogea dirisha la pili, unagongewa wa kuingia Kenya. Ukirudi, yote hufanyika Horohoro. Baada ya Uhamiaji nenda Forodha ukachukue kibali cha kuingiza gari kwa muda. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo, na siku ya kurudi usiondoke bila kukifunga.

Vishoka watakufuata tangu unazima injini. Mmoja atajitolea kukujazia fomu, mwingine atakubadilishia fedha "kwa bei ya ndugu". Fomu jaza mwenyewe, hazina ugumu. Kuhusu fedha, nilishawahi kuhesabiwa noti za mia tano mbele ya macho yangu, nikafika Msambweni nikagundua tatu kati yake zilikuwa zimekunjwa katikati, nami nilizihesabu kama sita. Badilisha benki au kwenye duka lenye leseni. Ukitaka hesabu ya haraka, chukua shilingi moja ya Kenya kama 20 za kwetu, japo kila siku hupanda na kushuka. Nunua laini ya simu na uisajili kwa pasi, kwa sababu Mombasa hata muuza madafu anapokea M-Pesa.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, sisi tukafuata Juni 2019, kwa hiyo rambo haina pa kujificha upande wowote. Kikapu cha ukili kinatosha.

Lugha isikutishe. Mpaka huu uliwakuta Wadigo ukawapitia katikati, na hadi leo mtu wa Horohoro ana shangazi Vanga. Utasikia Kiswahili kile kile, ila "gari hili" limekuwa "gari hii".

Feri au Dongo Kundu?

Kutoka Lunga Lunga hadi Likoni, penye kivuko, ni kilomita 100 na kidogo. Unapita Ramisi kwenye miwa, Msambweni, kisha Ukunda, ambako njia ya kulia inakwenda Diani. Mbele ya hapo unapaswa kuchagua.

Mombasa ni kisiwa. Ukipenda kuingia kama walivyoingia wazee, panda feri ya Likoni. Waenda kwa miguu hawalipi, magari hulipa. Panga mstari, fuata ishara za wahudumu, na kama gari lako liko chini, lipande ngazi ya feri polepole lisije likakwangua bampa. Ukishasimama zima injini, vuta breki ya mkono, acha gia imeingia na vioo vikiwa wazi. Si woga huo: mwaka 2019 gari liliteleza kutoka ndani ya feri likazama na watu wawili. Halafu tazama mbele. Umati unaoshuka kwa pamoja, baiskeli, mikokoteni, akina mama wa mabuibui na vikapu vya samaki, huo ndio mji unaokulaki.

Mwenye haraka, au anayefika jioni watu wakitoka kazini, apinde Kibundani ashike barabara ya Dongo Kundu. Atapita juu ya daraja refu la Mteza, atokee Miritini, kisha aingie kisiwani kupitia Changamwe na Makupa.

Ukishafika

Liegeshe gari hotelini ulisahau. Mji wa Kale una vichochoro ambavyo hata tuktuk huvipitia kwa kujibana. Asubuhi kula mahamri kwa mbaazi za nazi. Ukiyaita maandazi utaeleweka, lakini utajulikana umetoka wapi. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, itembelee mapema kabla jua halijawaka. Kisha pita Marikiti ununue iliki na mdalasini, na jioni uwe Mama Ngina, kwenye mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, meli zikipita karibu hata unaweza kumpungia baharia.

Wazee waamkie. Shikamoo ya pwani bado ina mwenyewe. Kijana akikwambia "soo" anataka mia moja, na "ngiri" ni elfu, kwa hiyo usichanganye na buku letu.

Kurudi

Ondoka asubuhi. Risiti za ulivyonunua ziwe karibu, maana forodha ya Horohoro nayo ina macho.

Barua ya kaka sasa inakaa kwenye bahasha, juu ya dashibodi. Safari ya mwisho afisa aliifungua, akaisoma, akaigeuza. Nyuma, chini kabisa, kaka alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Lirudi na tangi limejaa, na mabuyu kilo mbili." Afisa akacheka. "Tangi sina haja nalo," akasema. "Mabuyu umenunua?" Nikafungua kikapu, nikamwonyesha. Akagonga muhuri.