Anayemtunza mzee, nani anamwangalia?

Juma hili tuzungumze juu ya mtu ambaye hatumwulizi hali yake: yule anayemtunza mzee nyumbani.

Mama mkwe wangu alipooza upande mmoja kwa sababu ya tansio. Tunaishi naye hapa Kadutu, watoto wanamwita koko. Niliamka saa kumi ya usiku, nikachota maji kwenye robine, nikamwosha, nikampikia uji, na saa moja na nusu nilikuwa mbele ya darasa. Jioni ni yeye tena, chakula cha watoto, na madaftari ya kusahihisha. Usiku aliniita mara tatu, mara nne, nimpeleke chooni. Siku moja nilimjibu vibaya. Hakusema kitu.

Toka siku ile akaanza kukataa maji. "Sina kiu, mwanangu." Midomo ikakauka, mkojo ukawa na rangi ya chai, na asubuhi moja akaanza kuchanganya majina ya watoto. Tulifikiri ni uzee. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpima, akasema mwili umekosa maji. Kisha akanigeukia: "Na wewe mama, unalala saa ngapi?" Nikalia mbele ya watu.

Tuliporudi nyumbani, mama mkwe akanieleza: hakunywa ili asiniamshe.

Wamama, mtunzaji akichoka, uchovu unaonekana kwenye mwili wa mzee. Dawa ya tansio ya kila siku inasahauliwa, na hatari ya kupooza tena inaongezeka. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi. Tusipofanya, ngozi ya matako, nyonga na visigino inabadilika rangi, kisha inakuwa kidonda. Tukimlisha haraka haraka, chakula kinaweza kupita njia ya hewa. Na mzee hasikii kiu kama kijana. Tusipompa maji, pengine hataomba.

Nyumbani tuliketi pamoja. Mume wangu alisema si heshima mtoto mwanaume amwoshe mama yake. Nikamjibu: sawa, lakini kuchota maji, kutoa dawa na kumgeuza kitandani si kazi ya mwanamke peke yake. Akakubali. Wifi yangu anakuja kulala kwetu siku mbili kwa juma, na siku hizo mimi nalala hadi asubuhi.

Tafadhali, tusiseme msichana wa miaka 12 ataacha masomo abaki na koko. Mimi mwalimu ndiye ninayeona nafasi yake tupu kwenye banki.

Na sisi wa likelemba, tumezoea kuleta sabuni na sukari, kuuliza "Mgonjwa anaendeleaje?", halafu tunaenda. Sabuni ni nzuri. Lakini mmoja wetu abaki pale masaa mawili, ampe mzee maji na kuongea naye, ili mama wa nyumba alale. Tupange zamu kwenye mkutano, kama tunavyopanga zamu ya pesa.

Mama mkwe sasa ana kikombe chake karibu na kitanda. Akiona ninapita bila kumpa, ananiita mwenyewe: "Mwanangu, maji." Neno hilo linanifurahisha kila siku.