Kokatieli Songwa: mtama upo, hewa je?

Mkulima wa Songwa akionyeshwa kokatieli kwa mara ya kwanza, huenda akamtazama kwa jicho lile lile analomtazamia kwelea kwelea. Hatakuwa amekosea sana. Kokatieli ni mla mtama. Kwao Australia, kwenye nyika kavu za katikati ya bara, huhamahama kwa makundi akifuata maji na mbegu za nyasi, na mashamba ya mtama na alizeti yanapokomaa hushuka humo bila kuomba ruhusa. Wakulima wa huko nao humfukuza.

Ndege huyu ni kasuku, ingawa mdogo. Tangu kichwani hadi ncha ya mkia ana sentimita 30 na ushei, na uzito wake ni gramu 80 hadi 100 hivi. Mwili ni wa kijivu, bawa lina baka jeupe, shavu lina doa la rangi ya chungwa, na utosini kuna kishungi kinachosimama akishtuka na kulala akikasirika. Dume ana uso wa manjano uliokolea na ndiye mpiga mluzi. Jike ni mtulivu zaidi. Watoto humwona kwenye simu akipiga mluzi wa wimbo fulani, kisha baba hapumui tena nyumbani. Anayemtaka kwa sababu ya kuongea ajue mapema kwamba maneno yake ni machache na hayasikiki vizuri. Kazi yake ni mluzi, na mlio wa simu ya mwenye nyumba atauiga mpaka mwenyewe akimbilie kuipokea.

Songwa, kata ya Kishapu mkoani Shinyanga iliyo jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, inaonekana kama iliumbwa kwa ajili yake. Joto analolipenda lipo, ukavu upo, na ghala limejaa mtama, uwele na alizeti. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Chakula ni jambo jepesi kuliko yote katika kumfuga, na hata hilo lina mitego.

Porini hula mbegu za aina nyingi, nyingine mbichi, na hutembea umbali mrefu kuzipata. Tunduni hatembei. Ukimpa alizeti kila siku ataichagua na kuacha vingine vyote, kwa kuwa ina mafuta, na baada ya miaka michache ini lake litajaa mafuta hayo hayo. Mtama na uwele viwe sehemu tu ya mlo. Vilivyobaki viwe mchicha, majani ya maboga, karoti iliyokunwa, papai, punje za hindi bichi, na choroko zilizochipuzwa, ambazo Kishapu hazikosekani. Mbegu kavu hazina vitamini A ya kutosha, na kasuku anayeikosa huanza kuugua pua na kifua. Madini ya chokaa watu wa pwani huyatoa kwenye mfupa wa dome. Bara yanatosha maganda ya yai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Parachichi asilionje kabisa, maana linaua ndege. Chokoleti, vitunguu na vitu vya chumvi navyo viwekwe mbali.

Tena mboga iulizwe ilikotoka. Hii ni nchi ya pamba, na pamba hupigwa dawa. Mchicha uliooteshwa pembeni mwa shamba lililonyunyiziwa juzi, au maji yaliyotekwa kwa dumu lililowahi kubeba dawa, mtu mzima anaweza kuponea. Kiumbe wa gramu 90 haponei.

Sasa tuje kwenye hewa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kuamua kama nyumba yako inafaa au haifai. Mapafu ya ndege hayafanyi kazi kama yetu. Sisi tunavuta na kutoa kwa njia moja, hewa mpya ikichanganyika na ya zamani. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini vinavyoisukuma ipite kwenye mapafu kuelekea upande mmoja, ndani na nje, ili achote oksijeni nyingi ya kumwezesha kuruka. Mfumo huo huo huchota na sumu kwa kasi ile ile. Wachimbaji walilijua hilo kabla ya wafugaji. Mwanasayansi John Scott Haldane ndiye aliyependekeza ndege wadogo wapelekwe kwenye migodi ya makaa ya mawe, na kuanzia mwaka 1911 hadi 1986 migodi ya Uingereza ilitumia kanari. Kanari akiyumba kijitini, watu walitoka mbio, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi na ndege huisikia kabla ya binadamu.

Jiko la mkaa hutoa hewa hiyo hiyo. Chumba ambacho jioni jiko huingizwa ndani kwa sababu ya upepo au mvua si chumba cha kokatieli (wala cha mtoto, lakini hiyo ni makala nyingine). Ongeza dawa ya mbu ya kuchoma na ile ya kupuliza, ubani, rangi mbichi ya ukutani, moshi wa sigara. Vile vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula vinatisha zaidi: vikisahaulika motoni mpaka vikapita joto lake, utando wake hutoa mvuke ambao huweza kuua ndege wa nyumba nzima kwa dakika chache huku mpishi akihisi harufu kidogo tu.

Ukielekea magharibi, kwenye ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, kuna jambo la ziada. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma ule mchanganyiko ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Wapo wanaochomea uani, wengine jikoni. Mvuke wa zebaki haubagui mwenye leseni na asiyekuwa nayo. Anayechomea dhahabu nyumbani asifuge ndege hapo, na akisikia hoja hii akaanza kujiuliza kuhusu watoto wake, atakuwa amefika mahali pazuri. Wanaoishi karibu na makarasha, mashine za kusaga mawe, wana vumbi lake, na Songwa yenyewe wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, ina upepo wa vumbi unaojulikana. Tundu likae upande usiopigwa na upepo, kwenye chumba chenye madirisha, mbali na jiko.

Kokatieli mwenyewe naye ni mtoa vumbi. Manyoya yake hutoa unga mweupe mwepesi unaotua juu ya meza na televisheni. Mwenye pumu ndani ya nyumba akae kwanza na ndege wa mtu mwingine chumba kimoja kabla hajatoa hela.

Suala la kumpata lina historia ambayo watu wa Shinyanga wanapaswa kuifahamu, kwa sababu nchi yao ina kasuku wake. Ni wale wadogo wa kijani wenye uso mwekundu wa chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho, ambao vitabu vya ndege huwaita cherero. Daktari na mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer alipita maeneo ya kusini ya Ziwa Victoria katika safari yake ya 1885 na 1886, akafa mwaka huo wa 1886 baada ya kurejea Berlin. Mwaka uliofuata Anton Reichenow akampa ndege huyu jina la kisayansi kwa kumkumbuka Fischer. Makazi yake ya asili ni kusini na kusini-mashariki mwa ziwa: Mwanza, Shinyanga, Simiyu, mpaka Serengeti. Karibu wote duniani walio porini kwa asili wako Tanzania.

Karne moja baadaye walikuwa wakisafirishwa nje kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1987 cherero huyu ndiye aliyekuwa kasuku wa porini aliyeuzwa kuliko wote katika biashara ya kimataifa. Makundi yao yalipungua, na leo amewekwa kwenye kundi la ndege wanaokaribia kuwa hatarini kutoweka. Marekani ilibana uingizaji wa ndege wa porini kwa sheria ya 1992, Umoja wa Ulaya ukaufunga moja kwa moja mwaka 2007. Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Juni 2022 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilitangaza kulegeza zuio kwa miezi 6 ili wafanyabiashara wamalize wanyama waliobaki mikononi mwao, lakini kelele zilikuwa kubwa na waziri akalisimamisha tangazo mara moja.

Cherero hutaga kwenye mashimo ya miti, hasa miti mizee na iliyokauka. Shinyanga ilipoteza miti mingi, kwanza kwa kufyeka ili kuua mbung'o, kisha kwa pamba, mifugo na kuni, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipofanya kazi tangu 1986 hadi 2004 kuwarudisha watu kwenye desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lipumzike na miti iote upya. Kwenye ngitili iliyotunzwa, shimo la mti lina thamani. Kwa hiyo mtu akikuletea kwenye boksi ndege wa kijani akisema ni kokatieli mdogo wa bei poa, huyo ni cherero, ametolewa shimoni, na kumkamata au kumweka bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

Kokatieli halali ana habari tofauti. Australia ilizuia kuuza nje ndege wake wa porini tangu 1960, kwa hiyo hawa wa matunduni ni uzao wa ndege waliozaliwa matunduni kwa vizazi vingi. Hayumo hata kwenye orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Hilo halimaanishi kwamba unaweza kumvusha Namanga au Sirari mfukoni: kuingiza ndege nchini kunahitaji kibali cha mamlaka za mifugo na cheti cha afya kutoka anakotoka. Muuzaji muulize alizaliwa lini, wazazi wako wapi, amezoea kula nini, na karatasi ziko wapi. Asiye na majibu, mwache na ndege wake. Na ukishamchoka usimwachie aruke. Kule Naivasha, Kenya, cherero waliotoroka matunduni wa aina mbili za Tanzania wamezaliana mpaka likatokea kundi la machotara.

Kuchoka nako kunahitaji kusemwa wazi. Kokatieli akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, na wapo wanaozidi. Mwenye umri wa miaka 10 anayemlilia leo atakuwa ameoa, na ndege huyu angali hai. Ukanda huu wa madini maisha yake ni ya kuhama: rashi ya madini ikitokea mahali, watu hufunga virago wiki hiyo hiyo. Nani atabaki na ndege? Aliyezoea kundi haendi vizuri na upweke. Akiachwa peke yake kutwa nzima huanza kupiga kelele, kisha kujing'oa manyoya. Nyumba ambayo watu hutoka alfajiri na kurudi usiku ifuge wawili, au isifuge kabisa. Dume na jike wakipewa kasha la kutagia watataga mayai 4 hadi 7, na hapo umeanzisha jambo jingine.

Tundu la ndege mmoja lisipungue sentimita 60 kwa upana na kwa kimo, na atolewe nje kila siku anyooshe mabawa huku milango imefungwa na feni imezimwa. Fundi wa kuchomelea wa Maganzo, mji wa jirani, atakutengenezea, ila waya mpya uliopakwa zinki ni sumu kwa kasuku, ambaye hupanda kwa kutumia mdomo na kutafuna kila kitu. Usuguliwe kwa siki kwa brashi, uoshwe, uanikwe. Vijiti vya kutulia viwe matawi ya mpera ya unene tofauti. Usiku mwachie taa ndogo ya sola, kwa maana kokatieli hushtuka gizani kwa mjusi au mwanga wa pikipiki na kujipigapiga mpaka anavunja manyoya ya bawa.

Kuku wa uani wasimkaribie. Mdondo unaomaliza kuku wa kijiji huweza kumpata naye. Na yeye anaweza kubeba bakteria wanaomletea binadamu homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu. Ukienda zahanati na homa ya namna hiyo, na kipimo cha malaria kikaonyesha huna, mwambie mganga kwamba unafuga kasuku, maana yeye hawezi kukisia.

Afisa mifugo wa kata anajua ng'ombe, mbuzi na kuku. Kasuku wengi wao hawajawahi kumshika, na si kosa lao. Tafuta namba ya daktari wa ndege kabla ya kununua, hata kama yuko Mwanza, Arusha au Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, ili apatikane kwa simu. Ndege huficha ugonjwa mpaka mwisho. Akivimbisha manyoya mchana, akakaa chini ya tundu na mkia ukimchezacheza kila anapopumua, umeshachelewa kidogo.

Uzito ndio unaosema mapema, na hapa ukanda wa dhahabu unao upendeleo ambao wafugaji wengi duniani hawana: mizani ya gramu ipo kila mtaa. Mzoeshe kokatieli kupanda juu yake asubuhi kabla ya kula, na uandike namba daftarini kila wiki. Akiwa na kawaida ya gramu 90, siku utakayosoma 81 usingoje dalili nyingine. Piga simu.