Simbilisi wa Uswisi: Somo la Kuuza na Kununua

Sogeeni karibu na redio. Na wewe uliye na ukurasa huu mkononi, fuata polepole, mstari kwa mstari. Neno likikushinda, liwekee alama kwa kalamu, umwulize mwalimu wako baadaye.

Somo letu ni la biashara, lakini leo mizani na daftari la hesabu tutaviacha kando kwa muda. Nitakueleza sheria moja ya nchi ya Uswisi, huko Ulaya. Ukiisikia utacheka. Cheka, kisha usikilize vizuri, maana ndani yake mna jambo ambalo kila mwenye kuuza kitu, hata fungu la nyanya, yafaa alijue.

Wamjua simbilisi? Ni mnyama mdogo, mnene, hana mkia, na masikio yake ni mafupi kuliko ya sungura. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Wako watu wa Njombe na Iringa wanaomfuga, na huko Kivu, katika Kongo, wengi humfuga kwa ajili ya kitoweo. Lakini Uswisi hafugwi aliwe. Hufugwa awe rafiki wa watoto nyumbani.

Basi tarehe 1 Septemba 2008 ilianza kutumika nchini humo amri mpya juu ya ulinzi wa wanyama. Amri hiyo yasema kwamba mnyama ambaye kwa tabia yake huishi na wenzake, asifugwe peke yake. Simbilisi ni mmoja wao. Ukitaka kumfuga, hapana budi uwe nao wawili au zaidi. Hata paka ametajwa: paka anayefugwa peke yake lazima akutane na binadamu kila siku, au aweze kuwaona paka wenzake. Naam, hiyo ni sheria ya serikali, si mchezo.

Sasa fikiri. Baba amewanunulia watoto wake simbilisi wawili. Miaka mitano au sita yapita. Mmoja afa. Yule wa pili abaki peke yake, na sheria hairuhusu. Baba afanyeje? Atanunua mwingine. Huyu mpya ni kijana, na yule wa zamani ni mzee. Haupiti muda mrefu, mzee naye afa. Sasa kijana yu peke yake. Baba anunue tena! Huku watoto wamekwisha kuwa wakubwa, hawana haja tena na simbilisi. Lakini baba hawezi kuacha. Ni kama mkufu usio na mwisho. Ukishika pete moja, nyingine yafuata.

Hapa ndipo biashara inapoingia. Mwuzaji wa kwanza ataona sheria hii ni bahati yake. Atasema, "Vizuri sana, wateja wangu wamelazimishwa kununua daima." Mimi sisemi mtu huyo ni mwizi. Anauza mali yake kwa haki. Ila ametazama mfuko wake tu, wala hakumtazama mteja usoni.

Alikuwako mama mmoja mfugaji, katika jimbo la Zürich, aliyetazama namna nyingine. Watu walimjia na shida hiyohiyo: "Mnyama wangu amebaki peke yake, nami sitaki kuanza upya." Akaona kwamba watu hawa hawatafuti simbilisi. Watafuta njia ya kumaliza ufugaji bila kumtesa mnyama wala kuvunja sheria. Basi akaanza kuwakodisha simbilisi wake. Mteja huweka amana, huchukua mwenzi wa kukaa na yule mzee, na mzee akifa, yule wa kukodi hurudi kwa mfugaji, na sehemu ya amana hurudishwa. Mkufu umekatika. Habari zake zikaenea hata katika magazeti ya nchi nyingine, na gazeti lililoandika habari hiyo halikumdai ada ya tangazo.

Waona tofauti? Wanyama ni walewale, na wateja ni walewale. Kilichobadilika ni swali. Wa kwanza aliuliza, "Nitauza wangapi?" Wa pili aliuliza, "Huyu aliyesimama mlangoni pangu ana shida gani?" Na kwa mkulima wa Njombe swali hilohilo litaleta jibu jingine kabisa, kwa kuwa mteja wake ataka nyama.

Kuna jambo la pili, nalo ni fupi. Tangu tarehe 1 Machi 2018, Uswisi imekataza kumtia kambakoche katika maji ya moto akiwa hai bila kumzimisha fahamu kwanza, na imekataza kumsafirisha akiwa hai juu ya barafu au katika maji ya barafu. Mvuvi aliye mbali na nchi hiyo aweza kusema, "Hayo ni yao." La! Akitaka kuwauzia watu wa huko kambakoche walio hai, sheria yao imekwisha kuingia katika tenga lake. Heri aulize kabla ya kufunga mzigo, kuliko kuelezwa mzigo ukiwa umekwisha kukataliwa.

Sasa chukua daftari, tufanye hesabu. Tuseme simbilisi mmoja auzwa kwa shilingi 20,000. Amana ya kumkodi pia ni shilingi 20,000, na akirudishwa mteja hupewa nusu yake. Mnyama huyohuyo akikodiwa na nyumba nne, moja baada ya nyingine, mfugaji atabaki na shilingi ngapi? Je, ni zaidi au ni pungufu kuliko angemwuza mara moja? Usisahau kutoa gharama ya majani.

Kisha mzungumze darasani: katika soko lenu, ni bidhaa gani ambayo watu huinunua kwa kuwa hawana budi, ingawa shida yao hasa ni nyingine? Andikeni majibu kwa wino, majina yenu yakiwa juu ya karatasi.