Uponyaji Unapokosa Kipimo: Jinsi Mishipa ya Damu Inavyoziba



Mara nyingi tunadhani mshipa wa damu huziba kama bomba la jikoni: mafuta yanaganda, njia inafungwa. Kumbe mshipa ni kitu hai, na sehemu kubwa ya kuziba huko ni kazi ya mwili wenyewe ukijaribu kujiponya.

Mwaka 1973, Russell Ross na John Glomset wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza kwamba ugonjwa huanza na jeraha kwenye utando wa ndani wa ateri. Moshi wa sigara, presha, kisukari na lehemu nyingi huudhuru utando huo. Mwaka 1974 Ross na wenzake walionesha maabarani kwamba chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huachia kitu kinachozifanya seli za misuli ya ateri ziongezeke sana. Protini za namna hiyo huitwa vichochezi vya ukuaji. Baadaye ilifahamika kwamba seli nyeupe zinazoingia katika ukuta wa ateri kumeza lehemu nazo huzitoa.

Katika kidonda cha kawaida, vichochezi hivi hujenga nyama mpya. Kidonda kikifunga, hunyamaza. Ndani ya ateri inayojeruhiwa kila siku, havinyamazi. Seli za misuli huhama kutoka tabaka la kati hadi la ndani, huzaana na kujenga kovu juu ya mafuta. Njia ya damu inakuwa nyembamba. Hata hivyo, kovu hilohilo huyafunika mafuta. Likidhoofika na kupasuka, damu huganda ghafla, na mtu hupata shambulio la moyo au kiharusi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ubaya si kitu kinachojitegemea, bali ni kukosekana kwa wema unaopasa kuwapo. Hapa tunaona mfano wake: kazi ya kuponya ni njema, kilichokosekana ni kipimo. Basi tusiulaumu mwili, tuondoe kinachoujeruhi.

Jeraha hili haliumi. Ndiyo maana wapo wanaoacha dawa za presha wakisema, "Mbona sijisikii vibaya?" Tunapomtembelea mgonjwa katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, tumwombee, kisha tumuulize kama amemeza dawa zake. Yote mawili ni huduma moja.